Mutuba Uliozidi Chungu Chake: Namna ya Kuupogoa na Kuurudishia Umbo

Si jambo geni katika vitongoji vya Kampala kuona barazani mti mfupi uliopandwa ndani ya chungu, shina lake nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, na mizizi yake ya juu imekamata udongo mithili ya vidole vya mzee aliyeshika mkongojo. Aghalabu mti huo ni wa jamii ya mikuyu. Huweza kuwa mutuba, mti wa asili wa Uganda, au ndugu yake mwenye asili ya Asia ambaye majani yake membamba huning'inia, na ambaye hujulikana kwa jina la ficus tu. Siku uliponunuliwa ulikuwa na kimo cha shubiri mbili. Ukawekwa penye mwanga, ukamwagiwa maji, kisha ukasahauliwa. Miaka ikipita mti hufika dirishani. Matawi marefu humkwaruza apitaye, majani yote yamekimbilia nchani, na katikati hubaki vijiti vitupu. Hapo mwenye nyumba hujiuliza la kufanya: autupe, auhamishie ardhini, au aufyeke kwa panga?

Kuutupa ni hasara, kwa maana shina lililonenepa kwa miaka kumi haliwezi kupatikana tena kwa siku moja. Kuuhamishia ardhini kando ya nyumba ni kukaribisha balaa, kwani mizizi ya mikuyu hufuata maji na kupenya penye ufa, uwe ni wa msingi, wa bomba au wa karo. Na kuufyeka wote kwa siku moja, hasa ukiwa umedhoofika, ni kuuhukumu kifo. Iko njia ya nne, nayo ni kuupogoa kwa utaratibu na kuurudishia umbo. Njia hiyo yadai subira kuliko fedha, na mafunzo yake makubwa yamekuwapo Buganda tangu kale, ijapokuwa hayakutungwa kwa ajili ya miti ya vyungu.

KUUFAHAMU MTI WENYEWE

Sanaa ya kulea mti ndani ya chombo kidogo yajulikana duniani kwa jina la Kijapani, bonsai, lenye maana ya kitu kilichopandwa katika chombo kifupi. Wajapani waliipokea asili yake kutoka Uchina, wakaiendeleza kwa namna yao. Watu wengi hudhani kwamba mti wa bonsai ni wa mbegu ya kibeti, au kwamba hudumazwa kwa kunyimwa chakula. Dhana zote mbili si za kweli. Mti huo ni mti wa kawaida kabisa. Huwa mdogo kwa sababu mambo mawili hufanywa bila kukoma: ncha za matawi hukatwa, na mizizi hupunguzwa kila baada ya muda.

Kazi hizo zikisimama, mti hurejea katika tabia yake. Mutuba ulioachwa huru hukua ukawa mti mkubwa wenye kivuli kipana. Mwituni huweza hata kuanza maisha juu ya mti mwingine, mbegu yake ikiwa imeachwa na ndege penye panda, kisha ukateremsha mizizi hadi chini na hatimaye kumzingira mwenyeji wake. Mti wenye uwezo wa namna hiyo haukai ndani ya chungu kwa hiari yake. Kwa hiyo mti uliozidi chungu si lazima uwe mgonjwa. Umefuata maumbile yake wakati mlezi wake alipolala.

Tabia hiyo ina faida yake pia. Mti uwezao kuanza maisha katika panda au katika ufa wa jabali umeumbiwa kustahimili udongo kidogo na kiu ya muda mfupi. Ndiyo sababu watunza bonsai wa Afrika ya Kusini, ambako mutuba huota vilevile, wanaupenda mno. Hata jina lake la kisayansi, Ficus natalensis, lilitokana na jimbo la Natal la nchi hiyo.

FUNZO LA MAFUNDI WA LUBUGO

Kabla ya kushika msumeno kwa hofu, yafaa mtu akumbuke jinsi mti huu ulivyotendewa Buganda kwa karne nyingi. Gome la ndani la mutuba ndilo litoalo lubugo, nguo ya gome iliyovaliwa na watu wa huko kabla nguo za pamba zilizoletwa na misafara ya wafanyabiashara Waarabu katika karne ya 19 hazijaipunguzia soko. Mafundi wake mashuhuri ni wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, chini ya mkuu wao wa kurithi aitwaye Kaboggoza. Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alipotawazwa kuwa Kabaka huko Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, lubugo lilikuwamo katika mavazi ya heshima. Shirika la UNESCO liliutangaza ustadi huo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya dunia ya urithi huo wa utamaduni.

Linalomhusu mwenye mti wa chungu ni jinsi fundi anavyoutendea mti. Huchuna gome la shina zima, kuanzia karibu na ardhi hadi chini ya matawi, mti ukabaki uchi. Miti mingi ingekufa kwa kutendewa hivyo, kwa kuwa njia ziteremshazo chakula kutoka majanini hupita ndani ya gome. Mutuba hufunika jeraha lake kwa gome jipya, na mti uleule huvunwa tena na tena kwa miaka mingi.

Lakini hauponi kwa bahati. Fundi huchagua mti wenye afya. Huvuna katika majira ya mvua, wakati maji yamejaa shinani na gome huachia bila kuparura ule utando laini unaobaki juu ya mti, ambao ndio uotao gome jipya. Halafu, kabla jeraha halijakauka, hulivika shina majani ya mgomba. Mambo hayo matatu, yaani nguvu kabla ya jeraha, majira yanayofaa, na hifadhi baada ya jeraha, ndiyo msingi wa kupogoa mti wowote wa jamii hii, uwe shambani au barazani. Anayepungukiwa na moja kati ya hayo ndiye ambaye mti wake hufa, kisha husema kwamba alikuwa na mkono mbaya.

MAJIRA YA KAMPALA SI YA ULAYA

Vitabu vingi vya bonsai viliandikwa Japani, Ulaya na Marekani. Humwagiza msomaji apogoe mti wake baada ya baridi kali kwisha, miti inapoanza kuchipua. Agizo hilo halina maana kwa mkazi wa Kampala. Mji huo upo karibu sana na mstari wa ikweta, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake halibadiliki sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Mti haulali. Hukua mwaka mzima, na kwa hiyo huharibu umbo lake upesi kuliko vitabu hivyo vinavyosema.

Kiongozi wa mwenye mti huko ni mvua. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na nyingine kati ya Septemba na Novemba. Mikato mizito ifanywe mwanzoni mwa vipindi hivyo, hewa ikiwa na unyevu na mti ukisukuma machipukizi. Katika miezi ya ukavu, hasa Januari, Februari, Juni na Julai, mwenye mti atosheke na kukata ncha ndogo ndogo tu.

KWANZA MTI UPIMWE

Mti uliozidi chungu huweza kuwa wa namna mbili: wenye nguvu nyingi kupita kiasi, au uliochoka. Ni lazima kuzitofautisha, kwa maana dawa zake si moja.

Mti wenye nguvu huwa na majani ya kijani kilichokolea, na katika ncha za matawi huonekana machipukizi yaliyochongoka kama ncha ya kalamu. Mti uliochoka huwa na majani machache yenye umanjano, hauna machipukizi, na udongo wake umeshikamana na mizizi hata maji yakimwagwa hutuama juu au hukimbilia pembeni bila kuingia. Ikiwa tawi ladhaniwa limekufa, likwaruzwe kidogo kwa ukucha: penye uhai huonekana rangi ya kijani na utomvu mweupe.

Mti uliochoka usikatwe hata tawi moja lenye majani. Usogezwe mahali panapopata jua la asubuhi, udongo utobolewe taratibu kwa kijiti ili maji yapenye, na upewe mbolea hafifu. Kungojea huko huenda kukachukua miezi miwili au mitatu. Machipukizi mapya yakitokea pande zote, hapo mti utakuwa umetoa ruhusa.

Iko pia hali moja inayowadanganya wengi. Chungu kikisukumwa hakisogei, na mti una nguvu za ajabu. Sababu yake ni kwamba mizizi imepita katika tundu la chini na kuzama ardhini, na sasa mti unalishwa na uwanja mzima. Mizizi hiyo ikikatwa kwa ghafla, majani yote yatadai maji ambayo mizizi iliyobaki haiwezi kuyaleta. Kwa mti wa namna hiyo matawi yapunguzwe kwanza. Kisha mizizi ya chini ikatwe mmoja baada ya mwingine katika muda wa majuma kadhaa, chungu kikiwa kivulini. Ikiisha kukatwa yote, chungu kiwekwe juu ya matofali ili isishuke tena.

VIFAA NA HADHARI YA UTOMVU

Vifaa si vingi. Wahitajika mkasi mkali wa kukatia miti, msumeno mdogo wenye meno ya karibu karibu, kisu kikali, kitambaa chenye maji na kijiti cha kuchokolea udongo. Panga halifai kwa kazi hii, kwani hupasua tawi badala ya kulikata. Vyuma visafishwe kwa maji ya moto au kwa spiriti kabla ya kazi, ili maradhi ya mti mmoja yasihamie kwa mwingine.

Miti yote ya jamii ya mikuyu hutoa utomvu mweupe unaonata. Utomvu huo huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na ukiingia jichoni huumiza sana. Anayekata avae nguo kuukuu na mikono mirefu, asijifute uso kwa mkono, na watoto wawe mbali mpaka mabaki yote yazolewe. Mbuzi na mbwa nao wasiachiwe majani hayo. Utomvu ulioganda mkononi hutoka kwa kupaka mafuta ya kupikia kisha kunawa kwa sabuni. Juu ya mti wenyewe, jeraha lifutwe kwa kitambaa chenye maji mpaka utomvu usimame. Jeraha dogo hujiziba lenyewe. Lile lililo pana kuliko kidole gumba lifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa ukawa laini, ili kingo zake zisikauke. Hapo ndipo mwenye mti anapofanya ile kazi ambayo fundi wa lubugo huifanya kwa jani la mgomba.

MSUMENO UANZIE WAPI

Kosa la kawaida ni kuanza kukata kabla ya kutazama. Chungu kiwekwe juu ya meza, kimo cha macho, kizungushwe pole pole. Udongo wa juu ufagiliwe mpaka ionekane mizizi inayotawanyika kutoka shinani, kwa kuwa hapo ndipo uzuri wa mti huanzia. Upande ambao shina na mizizi huonekana vizuri zaidi ndio uso wa mti. Ukiisha kuchaguliwa, uwekewe alama kwa chokaa, na kila uamuzi ufanywe kwa kuutazama kutoka upande huo.

Kisha matawi yaondolewe kwa mpango huu. Kwanza yakatwe yote yaliyokufa. Pili, yale yanayopita juu ya mengine na kusuguana. Tatu, pale ambapo matawi matatu au manne yametoka mahali pamoja kama njiti za gurudumu, liachwe moja au mawili, maana yakiachwa yote shina litavimba hapo na kuharibika umbo. Nne, yale yaendayo wima juu au chini kabisa. Tano, penye kona ya shina, tawi lililo upande wa ndani litolewe na la nje libaki.

Kuhusu kimo, wazoefu wa kazi hii hukadiria kuwa mti hupendeza ukiwa na urefu wa mara sita hivi ya unene wa shina lake penye udongo. Shina lenye unene wa sentimita 8 lapatana na mti wa sentimita 50 hivi. Ikiwa mti umefika mita moja na nusu, basi kilele hakina budi kushuka, lakini kishuke mahali penye tawi hai litakaloinuliwa kuwa kilele kipya. Mkato uwe wa mshazari, ukiteremkia nyuma ya mti usikoonekana.

Yapasa kueleza kwa nini mkato huo huuamsha mti mzima. Katika ncha ya kila tawi hutengenezwa homoni inayoteremka na kuyazuia macho yaliyo chini yasichipue. Ndiyo sababu mti ulioachwa hukimbilia juu na kuwa mtupu katikati. Ncha ikiondolewa, kizuizi kinaondoka. Macho yaliyolala, hata yale yaliyomo katika gome la zamani, huamka. Mikuyu ina bahati ya kuwa na macho mengi ya namna hiyo. Mutuba wenye afya huweza kuchipua hata penye shina tupu. Lakini ndugu yake wa Asia mwenye majani yaning'iniayo haaminiki hivyo: tawi lake lisiloachiwa jani hata moja mara nyingi hukauka. Kwa hiyo kila tawi likatwe mpaka mahali palipo na majani mawili au matatu hai, likichipua huko nyuma ndipo lifupishwe tena.

Mtu asiye mzoefu asiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja. Kazi igawanywe katika zamu mbili au tatu, na kati ya zamu na zamu mti uachwe mpaka utoe majani mapya yaliyokomaa. Matawi yenye hitilafu yaondolewe katika zamu ya kwanza, na kilele kinaweza kungojea ya pili. Na ikiwa tawi la chini ni jembamba mno kulingana na shina, lisikatwe ncha yake kabisa. Liachwe likimbie hata likifika urefu wa mkono, kwa kuwa tawi hunenepa kwa kubeba majani mengi. Likinenepa ndipo lifupishwe. Vivyo hivyo mtu huweza kuacha chipukizi moja karibu na jeraha kubwa ili lilishe kingo zake zizibe upesi, kisha likatwe. Hilo ni tawi la kafara: hulelewa kwa faida ya mengine.

UMBO LA KIAFRIKA

Vitabu vya kigeni hujaa picha za misonobari ya Japani iliyopindwa na upepo wa milimani. Kulazimisha mutuba ufanane na msonobari ni kazi ya bure. Mtini mwitu wa Afrika una umbo lake: shina nene na fupi, matawi mazito yanayotawanyika mapema, na kilele cha mviringo kilicho kipana kuliko kimo. Mtaalamu wa Afrika ya Kusini, Charles Ceronio, aliyaorodhesha maumbo ya miti ya Kiafrika yafaayo kwa bonsai, na mtini mwitu umo pamoja na mbuyu. Mkazi wa Kampala hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ina miti mikubwa ya kutazamwa, na mituba ya kivuli bado imesimama katika mashamba ya kahawa na migomba nje ya mji. Nusu saa ya kuutazama mti mzima shambani humfundisha mtu mahali pa kukata kuliko michoro mingi.

Mizizi inayoning'inia kutoka matawini isikatwe yote, kwani ni pambo la jamii hii. Penye hewa ya unyevu mzizi mwembamba huweza kuongozwa hadi kwenye udongo kwa kupitishwa ndani ya mrija wa kunywea soda uliopasuliwa ubavuni. Ukifika udongoni hunenepa na kuwa nguzo ya tawi.

WAYA NA KAMBA

Yako matawi mazuri yaliyoelekea pasipofaa. Hayo hayakatwi, hupindwa. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walisema kweli hata kwa miti: tawi la kijani hupindika, lililokomaa huvunjika. Waya wa shaba wa nyaya za umeme zilizotupwa wafaa sana, ukichomwa motoni mpaka uwe mwekundu kisha ukapozwa, kwani hapo hulainika. Unene wa waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Uzungushwe kwa mshazari, mizunguko ikiachana kwa nafasi sawa, usibane wala usilegee. Kisha tawi lipindwe kidogo kidogo kwa vidole gumba viwili.

Hadhari kubwa ni kwamba mikuyu hunenepa haraka. Katika majira ya mvua waya huweza kuanza kuzama ndani ya gome baada ya majuma machache tu, na kovu lake hubaki miaka. Kwa hiyo ukaguliwe kila juma, na wakati wa kuutoa ukatwe vipande vipande, usifunuliwe kwa kuvutwa. Kwa tawi nene ni afadhali kamba: hufungwa tawini juu ya kipande cha mpira au kitambaa, huvutwa chini na kufungwa kwenye ukingo wa chungu, na kila baada ya siku chache hukazwa kidogo.

ZAMU YA MIZIZI

Matawi yakiisha kuchipua na majani mapya kukomaa, ndipo ifike zamu ya mizizi. Asiye mzoefu asifanye kazi mbili nzito siku moja. Mti utolewe chunguni, udongo uchokolewe kwa kijiti kama mtu asukuaye nywele, mizizi ishuke na kunyooka. Mizizi minene iendayo chini ikatwe, myembamba iliyotawanyika pembeni ihifadhiwe, na kwa jumla isiondolewe zaidi ya theluthi moja. Iliyooza, ambayo ni laini, nyeusi na yenye harufu mbaya, iondolewe yote. Mizizi isiachwe juani wala penye upepo. Wakati wote wa kazi ifunikwe kwa gunia lililoloweshwa.

Chungu kipya kiwe kipana kuliko kirefu, na kiwe na matundu ya kutosha. Udongo mtupu wa bustani haufai, kwa kuwa hushikamana ukawa kama tofali. Mchanganyiko mwema ni sehemu moja ya udongo, sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa au vipande vya matofali vilivyopondwa. Mti ufungwe kwa kamba usitikisike, umwagiwe maji mengi, kisha uwekwe kivulini kwa majuma mawili au matatu. Mbolea ingojee mwezi mmoja.

MATUNZO YASIYOKOMA

Baada ya hapo kazi huwa nyepesi, lakini haikomi. Chipukizi liachwe mpaka liwe na majani sita au manane, kisha likatwe yabaki mawili. Zoezi hilo likirudiwa mwaka mzima, vitawi huongezeka na majani hupungua ukubwa. Maji yasitolewe kwa kufuata saa, bali kwa kidole: kidole kikizama udongoni hadi fundo la kwanza na kukuta ukavu, mti una kiu. Chungu kigeuzwe kidogo kila juma ili kila upande upate jua.

Matawi yaliyokatwa nayo si takataka yote. Mutuba wa shambani hupandwa kwa kuchomeka ardhini gogo la tawi, na tabia hiyo haipotei chunguni. Kipande chenye unene wa kidole, kikiondolewa majani mengi na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu, kivulini, aghalabu hutoa mizizi katika majuma machache. Mti mmoja uliopogolewa huweza hivyo kuzaa miche ya majirani watatu. Si ajabu kwamba katika mpango wa koo za Buganda neno hilohilo, mutuba, ndilo jina la mojawapo ya matawi ya ukoo.

Mwenye mti na awe tayari kwa jambo moja. Miezi ya mwanzo baada ya mkato wa kwanza mti utaonekana vibaya kuliko ulivyokuwa, nusu yake makovu na nusu vijiti, na wageni watauliza ni nani aliyeuharibu. Wengi hukata tamaa hapo: hukata tena upesi ili kurekebisha, au huongeza maji na mbolea kupita kiasi, na mti ambao ungepona hufa kwa kuhangaikiwa. Dawa ni kuacha. Katika kalenda ya nyumbani itiwe alama Machi na Septemba kuwa miezi ya msumeno, na kati ya miezi hiyo mkono ushike mkasi mdogo tu. Kwa kawaida mwaka mmoja hutosha kuurudishia uhai wa ndani mti wenye afya, na miwili au mitatu kuurudishia umbo.